Kutoka Kifaransa hadi Kiingereza kwa Daraja la Kiswahili: Maandalizi ya Mtihani wa Cheti cha Awali cha Usalama wa Kompyuta Jijini Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maandalizi ya mtihani wa cheti cha awali cha usalama wa kompyuta kwa watahiniwa wa Bujumbura, Burundi, kwa kurejelea hasa mtihani wa CompTIA Security+ na ule wa Certified in Cybersecurity wa shirika la ISC2. Hoja kuu ni kwamba mtahiniwa aliyesomeshwa kwa Kifaransa hufanya mitihani miwili kwa wakati mmoja: mtihani wa usalama wa kompyuta na mtihani wa Kiingereza cha maswali. Makala yanaonyesha mahali ambapo maana hupotea kati ya lugha hizo mbili, yanapima uwezo wa Kiswahili kuwa lugha ya ufafanuzi, na yanabainisha kasoro za istilahi za Kiswahili zinazopaswa kurekebishwa kwanza. Aidha, yanajadili gharama ya mtihani kama suala la sera, na kupendekeza utaratibu wa maandalizi pamoja na hatua zinazoweza kuchukuliwa na vyuo, mamlaka za Burundi na vyombo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Maneno makuu: usalama wa kompyuta, cheti cha awali, istilahi, Kiswahili, Bujumbura

1.0 Utangulizi

Tarehe 16 Machi 2022 Burundi ilipata Sheria Na. 1/10 kuhusu kuzuia na kuadhibu uhalifu wa mtandaoni. Mwaka uliofuata, tarehe 8 Juni 2023, Mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa data binafsi, uliopitishwa Malabo mwaka 2014, ulianza kutumika. Sheria na mikataba hutaja makosa na adhabu. Haiwezi yenyewe kusoma kumbukumbu za seva, kutenga kompyuta iliyoambukizwa wala kumfundisha karani wa benki asifungue kiambatisho cha barua pepe asiyoitarajia. Kazi hizo hufanywa na watu, na watu hao wanahitaji njia ya kujifunza na ushahidi wa kile walichojifunza.

Katika fani ya usalama wa kompyuta ushahidi huo mara nyingi huwa cheti cha kitaalamu kinachotolewa na shirika la kimataifa. Mwajiri wa Bujumbura, awe benki, kampuni ya simu au shirika lisilo la kiserikali, anaweza kukiamini cheti hicho kwa sababu kipimo chake ni kilekile kinachotumika Nairobi, Dubai au Brussels. Hata hivyo, usawa wa kipimo hauna maana ya usawa wa safari. Mtahiniwa wa Nairobi aliyesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi na mtahiniwa wa Bujumbura aliyesoma kwa Kirundi kisha kwa Kifaransa hukutana mbele ya swali moja wakiwa wametoka mbali tofauti.

Makala haya yanajadili tofauti hiyo. Sehemu ya pili inaeleza muktadha wa kilugha wa Bujumbura. Ya tatu inaeleza mtihani wenyewe. Ya nne inachambua istilahi. Ya tano inajadili gharama. Ya sita inapendekeza utaratibu wa maandalizi. Na ya saba inatoa mapendekezo ya kisera.

2.0 Muktadha wa kilugha wa Bujumbura

Karibu wananchi wote wa Burundi wana lugha moja, Kirundi. Kifaransa kilibaki lugha ya utawala na ya elimu ya juu baada ya uhuru wa mwaka 1962, na Kiingereza kiliongezwa kuwa lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2014. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na katika muongo huohuo Kiswahili na Kiingereza viliingizwa kama masomo katika shule za msingi. Hata hivyo, lugha ya kufundishia miaka ya mwanzo ni Kirundi, kisha Kifaransa hushika nafasi hiyo. Mhitimu wa taasisi ya ufundi ya Chuo Kikuu cha Burundi, au wa mojawapo ya vyuo vikuu binafsi vya jijini, kwa kawaida amejifunza mitandao ya kompyuta, mifumo ya uendeshaji na hifadhidata kwa Kifaransa.

Kiswahili kina historia yake jijini. Mji wa Usumbura, kama Bujumbura ulivyoitwa hapo awali, ulikua kutokana na kituo cha Wajerumani kilichoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19, na Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, wafanyabiashara na wachukuzi waliokusanyika hapo. Mtaa wa Buyenzi umebaki kitovu cha Kiswahili hadi leo. Biashara ya Ziwa Tanganyika kuelekea Kigoma, na safari za kila siku kuelekea Uvira, huifanya lugha hiyo iwe ya lazima kwa wengi. Kwa hiyo kijana wa Bujumbura anaweza kuwa na Kirundi cha nyumbani, Kifaransa cha darasani, Kiswahili cha sokoni na Kiingereza cha kwenye skrini. Mtihani humtaka atumie lugha aliyo dhaifu zaidi kati ya hizo nne.

3.0 Mtihani wenyewe

Security+ ndio mtihani wa awali unaofahamika zaidi. Toleo lake lenye alama SY0-701 lilianza tarehe 7 Novemba 2023, na lililotangulia likaondolewa mwishoni mwa Julai 2024. Mtahiniwa hupewa maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90. Alama ya kufaulu ni 750 katika kipimo kinachoanzia 100 hadi 900. Hicho si kipimo cha asilimia, na anayekisoma kama asilimia hujipangia lengo lisilo sahihi. Maswali ni ya kuchagua jibu pamoja na machache ya vitendo, ambapo mtahiniwa hupanga kanuni za ukuta kinga, hulinganisha shambulio na dalili zake, au husoma kumbukumbu za mfumo na kutambua kompyuta iliyoathirika. Cheti hudumu kwa miaka mitatu.

Muhtasari wa mtihani una maeneo matano yenye uzito tofauti: dhana za jumla za usalama, asilimia 12, vitisho, udhaifu na namna ya kuvipunguza, asilimia 22, usanifu wa usalama, asilimia 18, uendeshaji wa usalama, asilimia 28, na usimamizi wa mpango wa usalama, asilimia 20. Mgawanyo huu una funzo. Karibu nusu ya mtihani iko katika uendeshaji na usimamizi, yaani katika taratibu, sera, tathmini na mpangilio wa hatua. Hapo ndipo maswali huwa marefu na maneno ya kawaida hubeba maana ya kitaalamu. Mtahiniwa hodari wa mitandao ambaye hana Kiingereza cha kutosha hapotezi alama katika nambari za milango kama 22, 53 au 443. Huzipoteza katika aya ya mistari mitano inayoeleza kampuni, tukio na sharti la meneja.

Mtihani wa Certified in Cybersecurity ni mwepesi zaidi na hauhitaji uzoefu wa kazi. Mwaka 2022 shirika la ISC2 lilitangaza mpango wa kutoa mafunzo na mtihani huo bila malipo kwa watu 1,000,000 duniani, jambo lililoufanya uwe mlango wa kwanza kwa vijana wengi wa Afrika. Maeneo yake matano ni kanuni za usalama, mwendelezo wa shughuli na kukabili matukio, udhibiti wa ufikiaji, usalama wa mitandao, na uendeshaji.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa lugha. Tuseme mtahiniwa wa Security+ amepata maswali 90, manne kati yake yakiwa ya vitendo na kila moja likimchukua dakika nne. Dakika 16 zimekwisha. Zimebaki 74 kwa maswali 86, yaani takribani sekunde 52 kwa kila swali. Ndani ya sekunde hizo anapaswa kusoma, kuelewa, kulinganisha majibu manne na kuchagua. Anayetafsiri kichwani kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa hutumia sehemu kubwa ya muda huo kabla hajaanza kufikiri juu ya usalama.

4.0 Istilahi: mahali ambapo maana hupotea

4.1 Maneno yanayofanana kwa sura

Kifaransa na Kiingereza vina maneno mengi yenye sura moja na maana tofauti. Katika mazungumzo ya kawaida tofauti hiyo husahihishwa na muktadha. Katika mtihani hugharimu alama. Neno la Kiingereza "eventually" lina maana ya hatimaye, ilhali "éventuellement" ya Kifaransa ina maana ya pengine. Swali likisema kwamba mshambuliaji hatimaye atapata nywila, na mtahiniwa akasoma kwamba pengine ataipata, tathmini yake yote ya hatari imebadilika. Vivyo hivyo "actual" ni halisi, wakati "actuel" ni ya sasa.

Mfano mzito zaidi ni "control". Katika fani hii neno hilo lina maana ya hatua yoyote iliyowekwa ili kupunguza hatari. Kifaransa cha kila siku hutumia "contrôle" kwa maana ya ukaguzi, na ndiyo maana tafsiri ya Kifaransa ya kiwango cha ISO 27001 hutumia neno "mesure", yaani hatua, badala yake. Mtahiniwa anayesoma "control" kama ukaguzi huchagua jibu linalohusu wakaguzi hata pale swali linapohusu kufuli.

Kitenzi "prévenir" nacho hubeba maana mbili, kuonya na kuzuia, ilhali mtihani hutenganisha hatua hizo kwa makini. Hapa Kiswahili kinasaidia, kwa kuwa kina vitenzi tofauti kwa kila aina ya hatua. Aina sita zinazotajwa katika muhtasari wa SY0-701 zinaweza kufafanuliwa kwa mfano wa nyumba yenye ua katika mtaa wa Rohero. Lango lenye kufuli huzuia. Bango la mbwa mkali hutisha, lakini halizuii. Kamera hugundua. Kumrejeshea mwenye nyumba kilichoharibika ni kusahihisha. Kuongeza zamu wa pili, kama mlinzi anavyoitwa jijini, wakati kufuli limevunjika na jipya halijapatikana, ni kufidia. Agizo kwamba kila mgeni aandikishwe jina ni kuelekeza. Anayeielewa nyumba hiyo anaweza kulijibu swali la seva, mradi amejifunza pia jina la Kiingereza la kila aina.

4.2 Tishio, udhaifu, hatari

Mtihani hutegemea utengano wa dhana tatu. Tishio ni kile kinachoweza kudhuru; udhaifu ni upenyo ambao tishio linaweza kupitia; hatari ni uwezekano wa madhara kutokea pamoja na ukubwa wa athari yake. Mwizi ni tishio, dirisha bovu ni udhaifu, na kupoteza mali ndiyo hatari. Katika Kiswahili cha kawaida neno "hatari" hutumika kwa vyote vitatu: mwizi ni hatari, dirisha ni hatari, na hali ni ya hatari. Ukaguzi wa umma nchini Tanzania umezoea neno "vihatarishi" katika usimamizi wa hatari, na matumizi hayo yanaonyesha kwamba lugha ina uwezo wa kutenganisha dhana inapolazimika. Kanuni ya istilahi inayohusishwa na Eugen Wüster, ya dhana moja kwa istilahi moja, haihitajiki katika kila mazungumzo. Katika maandalizi ya mtihani inahitajika kabisa.

4.3 Usiri, uzima na upatikanaji

Nguzo tatu za usalama wa taarifa ndizo msingi wa kila mtaala wa awali. Nguzo ya kwanza, usiri, haina utata. Ya pili, inayoitwa "integrity" kwa Kiingereza, mara nyingine hutafsiriwa "uadilifu". Tafsiri hiyo inapotosha: uadilifu ni sifa ya mtu, na data haina maadili. Kinachozungumzwa ni data kubaki nzima, bila kupunguzwa, kuongezwa wala kubadilishwa na asiyeruhusiwa. Neno "uzima" linakidhi, na Mrundi hulipokea kwa urahisi kwa sababu Kirundi kina mzizi huohuo.

Huduma za fedha kwa simu, kama Lumicash na EcoCash, hutoa mfano unaoeleweka na kila mkazi wa jiji. Jirani akisoma salio lisilo lake, usiri umevunjwa. Salio la faranga 50,000 likigeuzwa kuwa 5,000, uzima umevunjwa. Mteja akifika kwa wakala na mfumo haufanyi kazi, upatikanaji umekosekana. Nguzo hii ya tatu ina mifano ya karibu: mwishoni mwa Julai 2023 huduma za serikali ya Kenya za eCitizen zilivurugwa na shambulio la kuzilemea seva kwa maombi; na tarehe 12 Mei 2024 hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilipunguza kasi ya intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Tukio la kwanza lilikuwa la makusudi na la pili halikuwa, lakini yote mawili yaligusa nguzo moja. Mtahiniwa anayeweza kueleza kwa nini ameshavuka sehemu kubwa ya eneo la kwanza la muhtasari.

4.4 Kasoro za istilahi za Kiswahili

Haitakuwa haki kukosoa Kifaransa na kukisamehe Kiswahili. Kasoro ya kwanza ni wingi wa majina. Kifaa kimoja huitwa kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Neno la siri huitwa nywila au nenosiri. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, pamoja na juhudi za kampuni kubwa za programu baada yake, ulithibitisha kwamba maneno yanaweza kupatikana. Kilichobaki ni makubaliano.

Kasoro ya pili ni tafsiri sisisi inayogeuza maana. "Ukuta wa moto" ni mfano. Asili ya neno hilo ni ukuta unaozuia moto usienee kutoka chumba kimoja hadi kingine; Kifaransa "pare-feu" kimehifadhi maana hiyo. Msikilizaji wa Kiswahili husikia ukuta unaowaka. "Ukuta kinga" husema kile kifaa kinachofanya.

Kasoro ya tatu ni istilahi moja kubeba dhana mbili. "Usimbaji" hutumika kwa kubadilisha muundo wa data ili isafirishwe, jambo lisiloficha chochote, na pia kwa kuificha kwa ufunguo. Maneno "usimbaji fiche" huondoa utata, na inafaa yatumike daima. Kwa muhtasari wa hesabu unaothibitisha kwamba faili halijabadilishwa, ambao haurudishwi kuwa data ya awali, ni bora kutumia maelezo, kwa mfano "alama ya uzima wa faili", hadi istilahi ikubaliwe. Katika eneo hili Kifaransa kina faida: "encodage", "chiffrement" na "hachage" ni maneno matatu kwa dhana tatu, na mwalimu wa Bujumbura hana sababu ya kuyaacha.

5.0 Gharama kama suala la sera

Bei ya Security+ nchini Marekani imezidi dola 400 kwa jaribio moja. Pato la wastani la Mrundi kwa mwaka, kwa makadirio ya Benki ya Dunia, liko chini ya kiasi hicho. Hata pale panapokuwa na punguzo la kikanda au la wanafunzi, jaribio moja hubaki uamuzi wa familia nzima. Anayeshindwa hulipa tena bei kamili. Aidha, malipo hufanywa kwa fedha za kigeni, ambazo ni adimu. Mwezi Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani rasmi ya faranga kutoka takribani 2,000 hadi takribani 2,800 kwa dola, na aliyekuwa akiweka akiba kwa faranga aliona lengo likisogea mbali bila yeye kusimama.

Mtihani wa bure nao una gharama zilizofichika. Aliyefaulu Certified in Cybersecurity hutakiwa kulipa dola 50 kila mwaka ili kudumisha uanachama na cheti, na kuthibitisha masomo endelevu. Kwa mhitimu ambaye hajapata ajira, cheti kilichoanza bila malipo kinaweza kupotea kwa kukosa ada ya mwaka wa pili.

Matokeo ya gharama hizi ni ya aina mbili. La kwanza ni kuwaacha nje wenye uwezo wasio na fedha. La pili ni vishawishi. Maswali yaliyoibwa kutoka katika mitihani huuzwa au kugawiwa mtandaoni, na mtahiniwa asiyeweza kulipa mara mbili huyaona kama bima. Kuyatumia huvunja makubaliano anayoyakubali kabla ya mtihani na kunaweza kumfutia cheti. Zaidi ya hapo, mtaalamu wa usalama aliyeingia kazini kwa mlango wa udanganyifu amekosa sifa ambayo kazi yenyewe inaidai, na mwajiri aliyemwamini hubaki na cheti ukutani na mfumo usio na mlinzi.

6.0 Utaratibu wa maandalizi

Kutokana na uchambuzi huo, utaratibu wa takribani majuma 12 unaweza kupendekezwa kwa kikundi cha watahiniwa watano hadi wanane wenye misingi ya mitandao.

Majuma mawili ya kwanza ni ya upimaji na faharasa. Kikundi hupakua muhtasari rasmi wa mtihani, ambao hutolewa bure, na kila mmoja hujipima kwa kila kipengele. Kisha huanzishwa faharasa yenye safu nne: istilahi ya Kiingereza, istilahi ya Kifaransa, ufafanuzi wa Kiswahili na mfano wa Bujumbura. Istilahi ya Kiingereza ndiyo ufunguo wa mpangilio, kwa sababu ndiyo itakayoonekana kwenye skrini. Ufafanuzi uwe sentensi kamili. Neno moja la tafsiri halitoshi.

Majuma sita yanayofuata ni ya maeneo matano, kwa muda unaolingana na uzito wake. Mafunzo ya bure kama mfululizo wa video za Professor Messer yanatolewa kwa Kiingereza, na ni vyema yasikilizwe kwa lugha hiyo. Baada ya kila kipindi mmoja hulifafanua somo kwa Kiswahili au Kirundi bila kusoma, na wenzake humhoji. Asiyeweza kufafanua dhana kwa lugha anayoimudu hajaielewa, hata kama amekariri jina lake. Mazoezi ya vitendo hufanywa kwa programu huria: VirtualBox kwa kuunda kompyuta pepe, Wireshark kwa kuchunguza pakiti, na Nmap kwa kukagua mtandao wa kikundi wenyewe. Kukagua mtandao wa mwingine bila idhini si zoezi, ni kosa chini ya sheria ya 2022. Kwa kuwa umeme hukatika, mafaili makubwa hupakuliwa mapema na kugawanywa kwa diski.

Majuma matatu yanayofuata ni ya lugha ya maswali. Mtihani hupenda kuuliza hatua ya kwanza, hatua bora au sababu yenye uwezekano mkubwa zaidi, na maneno hayo mara nyingi huandikwa kwa herufi kubwa. Majibu yote manne yanaweza kuwa sahihi kwa namna yake. Kompyuta ya ofisi ikishambuliwa na programu inayofungia mafaili na kudai fidia, ni sahihi kurejesha nakala rudufu, kuarifu uongozi, kuondoa programu hiyo na kuitenga kompyuta. Swali likiuliza hatua ya kwanza ya fundi aliyekwishathibitisha tukio, jibu ni kuitenga, kwa sababu mpangilio unaofundishwa ni maandalizi, ugunduzi, uchambuzi, kuzuia kuenea, uondoaji, urejeshaji na mafunzo yaliyopatikana. Inapendekezwa mtahiniwa asome sentensi ya mwisho ya swali kabla ya maelezo, atambue neno linaloamua, kisha arudi juu.

Juma la mwisho ni la majaribio kamili ya dakika 90, kwa Kiingereza pekee, bila kamusi. Kikundi hukokotoa muda kwa swali na huchambua kila kosa kwa kuuliza kama lilitokana na usalama au na lugha. Utengano huo ni muhimu: kosa la usalama hurudishwa kwenye vitabu, la lugha hurudishwa kwenye faharasa. Anayechagua kufanyia mtihani nyumbani chini ya uangalizi wa mbali ahakikishe chumba cha pekee, kamera, intaneti thabiti na umeme wa akiba. Penye shaka, kituo cha mtihani ni salama zaidi, hata kama kinahitaji safari.

7.0 Mipaka ya hoja na mapendekezo

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba Kirundi kingefaa zaidi. Kwa mazungumzo ya kikundi hilo ni kweli, na utaratibu uliopendekezwa haukizuii. Hata hivyo, uandishi wa faharasa na vitabu una gharama, na faharasa ya Kiswahili hutumiwa Bujumbura, Kigoma, Uvira, Nairobi na Kampala. Gharama ikigawanywa huwa ndogo. Ya pili ni kwamba Kiswahili hakijaenea sawasawa nchini, na mtahiniwa kutoka mikoa ya ndani anaweza kukiona kama mzigo wa nne. Kwa huyo safu ya Kifaransa inabaki, na Kiswahili kisiwe sharti.

Kwa msingi huo, mapendekezo manne yanatolewa. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ishirikiane na vyuo vikuu kuandaa faharasa ya istilahi za msingi za usalama wa kompyuta kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili, ianze na istilahi chache za muhtasari wa awali, na itolewe bure. Pili, vyuo vya Bujumbura viingize katika mwaka wa mwisho kozi fupi ya Kiingereza cha mitihani ya kitaalamu, ikifundishwa kwa pamoja na mwalimu wa lugha na mwalimu wa kompyuta. Tatu, benki, kampuni za simu na mamlaka za TEHAMA zianzishe mfuko wa kulipia jaribio la kwanza na ada ya miaka miwili ya mwanzo, kwa sharti la huduma ya muda maalumu, na manunuzi ya vocha yafanywe kwa pamoja ili kupunguza tatizo la fedha za kigeni. Nne, mtaala wowote wa maandalizi uwe na somo kuhusu Sheria Na. 1/10 ya 2022 na Mkataba wa Malabo, kwa kuwa mtihani wa kimataifa haumpimi mtahiniwa katika sheria atakazozitumikia.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ugumu wa mtihani wa awali wa usalama wa kompyuta kwa mtahiniwa wa Bujumbura una sehemu tatu: maarifa, lugha na fedha. Sehemu ya kwanza ni halali, kwa kuwa ndiyo mtihani unayokusudia kuipima. Mbili nyingine haziko katika muhtasari wowote, lakini huamua nani ataketi na nani atafaulu. Kiswahili hakitaondoa Kiingereza kwenye skrini ya mtihani, wala hakihitaji kufanya hivyo. Kinachoweza kufanya ni kumfikisha mtahiniwa mbele ya swali akiwa ameshaielewa dhana, ili sekunde 52 alizonazo azitumie kufikiri. Kazi hiyo inahitaji istilahi zilizokubaliwa, walimu wawili katika darasa moja, na bajeti ndogo kuliko hasara ya mfumo mmoja wa malipo uliovamiwa.